Waacheni Washindane

Katika kaunti ya Turkana, Lodwar na Kakuma, kuna fikra iliyoota mizizi, na wanaoishikilia ni watu wenye usemi: waandaaji wa matamasha, wafadhili, watangazaji, wachungaji, na wazazi wengi. Kwao ushindani wa wanamuziki ni balaa. Kijana akimrushia mwenzake dongo kwenye wimbo, huitwa akanywe. Kundi la Kakuma 1 likijigamba kwamba limewaacha mbali wale wa Kakuma 3, watu hukumbushana kuwa vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Dawa ni ile ile kila mara: wahasimu waingie studio pamoja, watoe wimbo wa amani, wapigwe picha wamekumbatiana, mambo yaishe. Na hata pale ushindani unapokuja kwa upole, msanii anaposikia kitu kizuri kwa mpinzani wake akakichukua na kukigeuza kiwe chake, bado haponi. Huyo hana lolote, watu wataambiana, anaiga tu.

Kwa hiyo mwanamuziki wa huku amebanwa pande zote. Akipingana na mwenzake ni mgomvi, akijifunza kwa mwenzake ni mwizi. Nasema fikra hii ina kasoro tangu kwenye msingi, na inatunyima muziki ambao Turkana ingekuwa nao leo. Wanamuziki hukua kwa kusikilizana, na hakuna anayekusikiliza kwa makini kama yule anayetaka kukushinda. Shabiki wako husikia wimbo. Mpinzani wako husikia pale ulipovuta pumzi, pale besi ilipoingia, mstari ulioubana na ule uliouacha ulegee.

Nianze na hofu yenyewe, maana ina sababu. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliotembea kwa miguu wakikimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa 2016, ina watu zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia, Uganda na kwingineko. Wengine walikimbia vita ambavyo jirani yao wa sasa alikuwa upande wa pili. Nje ya kambi wapo Waturkana wenye ardhi, ambao wameona kuni na maji vikigombaniwa na malori ya misaada yakiwapita. Damu imewahi kumwagika. Anayeogopa kuwasha kiberiti mahali kama hapa si mjinga. Lakini nitajieni ugomvi mmoja wa Kakuma ulioanza kwa sababu mpiga gitaa mmoja alimzidi mwenzake. Watu wamegombania bomba la maji, kuni, mbuzi, ardhi, na siasa za makwao. Muziki umebebeshwa lawama za mambo hayo kwa kuwa ndio unaosikika mbali.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba mahubiri haya yanatolewa katika nchi ya Waturkana, watu walioupanga ushindani hadi ndani ya boma. Kila mwanamume wa Kiturkana huzaliwa katika kundi moja kati ya mawili: Ngimor, yaani mawe, au Ngirisae, yaani chui. Mtoto hafuati kundi la baba yake, hufuata la babu. Baba akiwa chui, wanawe wote ni mawe, na wajukuu wake hurudi kuwa chui. Kwenye karamu kila kundi hukaa upande wake na kula nyama yake, mawe na manyoya meusi ya mbuni, chui na meupe, na kila upande hutaka kuonekana zaidi ya mwingine. Mpinzani wako wa kwanza, basi, ni baba aliyekuzaa. Huwezi kumchukia wala kumkimbia, na bado hutaki akuzidi. Wazee waliopanga hivi walijua kwamba upinzani hauvunji nyumba ukiwa na mahali pake pa kukaa.

Halafu kuna wimbo wa maksai. Kijana wa Kiturkana anapompata maksai wake wa moyoni, humpinda pembe zikae umbo alitakalo, humfunga kengele shingoni, kisha humtungia wimbo. Wakati wa ngoma ya edonga huingia katikati ya duara, huinua mikono juu kwa umbo la pembe zile zile, na kuimba rangi ya ngozi ya mnyama wake, malisho waliyopitia, mvua iliyowakuta na hatari walizoponea. Duara linaitikia, miguu inapiga chini kwa pamoja. Wimbo huo ni wake peke yake. Kuuimba wa mwenzako kana kwamba ni wako ni aibu. Sasa mfikirie kijana aliyesimama pembeni, ambaye amesikia jirani yake akitupa mstari uliofanya wasichana waitikie kwa nguvu kuliko walivyomwitikia yeye. Atafanya nini? Hana ruhusa ya kuyachukua maneno. Anarudi malishoni, na kwa kuwa mchana wa malishoni ni mrefu, anakaa nao kichwani nyuma ya mifugo. Anagundua kwamba siri haikuwa kwenye maneno. Jirani alikata mstari kabla haujaisha, akawaachia waitikiaji waumalize, akaacha pengo dogo ili kishindo cha miguu kisikike peke yake. Edonga ijayo kijana wetu anakuja na maksai wake, maneno yake, na pengo lile lile, labda refu zaidi. Kila mtu uwanjani anajua limetoka wapi, na hakuna anayemwita mwizi.

Mashtaka yote mawili niliyoyataja yanajibiwa hapo. Utamaduni ulioko ndani ya kaunti hii ulishaamua zamani kilicho chako na kilicho cha wote: maneno na maksai ni vyako, ufundi ni wa duara zima. Na uliamua kwamba kumzidi jirani kwa wimbo ni jambo la heshima, linalofanywa mbele ya watu, usiku, kwa furaha.

Wala si Waturkana peke yao. Wasukuma wana Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vilivyoanzishwa na wapinzani wawili, Ngika na Gumha, katika karne ya 19, na mpaka leo baada ya mavuno vyama hivyo hushindana uwanja mmoja, kila kiongozi akitafuta wimbo utakaowahamisha watu upande wa pili. Lamu imeishi kwa ushindani wa mitaa ya Mkomani na Langoni. Ushairi wa Mombasa usingekuwa na Muyaka bin Haji tunayemjua kama asingekuwa na washairi wa Lamu wa kulumbana nao. Serikali ya Kenya yenyewe, kupitia Tamasha la Muziki la Kenya lililoanza 1927, huwapanga watoto wa shule washindane ngazi kwa ngazi hadi taifa, na shule za Turkana hupeleka edonga huko zikitaka kushinda. Kwa watoto tunaita elimu. Wakifika miaka 20 na kushika kipaza sauti, tunaita uchochezi.

Niende Kongo, kwa kuwa vijana wengi wanaopiga gitaa Kakuma wametoka huko, na kwa kuwa wanaosema ushindani huua muziki hawana jibu kwa historia ya Kongo.

Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953 katika mji ulioitwa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Miaka mitatu baadaye, 1956, ikaja OK Jazz, na ndani yake kijana aliyeitwa Franco. Studio zenyewe zilikuwa mahasimu: Kabasele alikuwa wa Opika, Franco wa Loningisa. African Jazz ilikuwa bendi ya sauti laini, mavazi nadhifu, na gitaa la Nicolas Kasanda, Dr Nico, lililokuwa likiimba kama mtu. OK Jazz haikujaribu kuwa hivyo. Franco alichukua gitaa akalifanya lirudie rudie kamstari kamoja kakavu hadi wachezaji wasahau walianza lini, na maneno yake akayatoa barabarani na vilabuni. Hadi leo wajuzi wa rumba huwagawa wanamuziki wa Kongo kwa shule hizo mbili. Nauliza: je, shule ya Franco ingezaliwa kama African Jazz isingekuwepo? Kila ambacho Kabasele alikifanya kwa ustadi kilimlazimisha Franco atafute kingine. Ndivyo mpinzani anavyokufundisha hata pale usipomwiga. Anakufungia njia moja, unalazimika kuchimba nyingine.

African Jazz ikavunjika 1963, Tabu Ley Rochereau na Dr Nico wakaondoka na kuunda African Fiesta, kisha nao wakatengana. Wapenda umoja wangelia. Lakini kila mpasuko uliongeza bendi, na kila bendi ililazimika kueleza kwa muziki wake kwa nini ipo. Tabu Ley akapanda jukwaa la Olympia, Paris, mwaka 1970. Mwaka 1972 Sam Mangwana akatoka kwa Tabu Ley akaenda kwa Franco, na mashabiki wakaona wamesalitiwa. Wangejua. Mangwana hakuhama mikono mitupu, alihama na namna ya kuimba aliyoipata kwa mahasimu, na OK Jazz ikawa na rangi ambayo haikuwa nayo. Halafu mwaka 1983, mwaka aliofariki Kabasele, Franco na Tabu Ley wakaingia studio wakarekodi pamoja.

Wanaohubiri kolabo huipenda sana habari hiyo ya 1983. Wanaitaja kana kwamba miaka iliyotangulia ilikuwa dhambi na kurekodi pamoja ndiko toba. Mimi naisoma kinyume. Waliweza kukaa pamoja kwa sababu kila mmoja alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kumsikiliza mwenzake kwa wivu, akamjua kuliko mashabiki walivyomjua. Muziki wao wa pamoja ulikuwa mtamu kwa kuwa hakuna aliyekuja akiwa nusu. Ukiwapeleka vijana wawili studio kabla hawajashindana, kabla yeyote hajajua anachoweza, utapata wimbo ambao kila mmoja amempa mwenziwe kilichobaki.

Na baada yao mambo yaliendelea. Zaiko Langa Langa ilianza 1969, ikazaa mahasimu wake yenyewe, akiwemo Papa Wemba aliyeunda Viva la Musica 1977. Wenge Musica ikapasuka 1997, JB Mpiana upande huu, Werrason upande ule, na kwa miaka kadhaa Kinshasa nzima ilikuwa imegawanyika. Muziki uliotoka kwenye mgawanyiko huo ndio uliochezwa harusini Bukavu, Bujumbura, Kigoma na Nairobi, na ndio kijana wa Kikongo aliyekulia Kalobeyei aliusikia akiwa mgongoni kwa mama yake.

Atasema mtu kwamba Kinshasa ni jiji kubwa, lina watu wa kutosha kugawana, na sisi tuko jangwani, tunahitaji kushikana. Basi twende Morogoro. Mji wa mkoani, karibu kilomita 190 kutoka Dar es Salaam, ambao enzi hizo haukuwa mkubwa hata kidogo. Ulikuwa na Morogoro Jazz tangu 1944 na Cuban Marimba ya Salum Abdallah tangu 1948. Bendi mbili, mji mmoja, mashabiki wale wale wa kugombania kila wikendi. Salum Abdallah alipofariki kwa ajali mwaka 1965, Juma Kilaza akaishika Cuban Marimba, na mwaka huo huo Mbaraka Mwinshehe akaingia Morogoro Jazz. Kutoka katika mji huo Mbaraka alifika Japani, kwenye maonyesho ya Osaka ya 1970. Alipounda Super Volcano mwaka 1973 alikuwa tayari mpiga gitaa anayesikilizwa Afrika Mashariki nzima. Bendi moja peke yake Morogoro ingekuwa fahari ya mji, ikapigiwa makofi kila Jumamosi, ikakaa pale pale. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na msanii asiye na mpinzani husifiwa na kila mtu. Lodwar imewahi kumwona msanii wa namna hiyo, anayeitwa kila hafla kwa kuwa hakuna wa kulinganishwa naye, na mwaka wa tatu bado anaimba wimbo ule ule.

Sasa shtaka la kuiga. Hili linaniuma zaidi, kwa sababu linawapata wale wanaojitahidi kweli.

Ingia studio ya Kakuma. Ni chumba cha mabati, godoro limepigiliwa ukutani limeze mwangwi, kompyuta moja, kipaza sauti kimoja, na umeme wa sola au wa jenereta ya mfanyabiashara anayewauzia majirani. Anayetengeneza biti ni mmoja, na mlangoni kwake anapita kila mtu. Asubuhi anamrekodi Mkongo, mchana Msudani Kusini, jioni anakuja Mturkana kwa bodaboda. Nyimbo zao zote, zilizokamilika na ambazo hazijakamilika, ziko kwenye kompyuta ile ile. Mturkana anasubiri zamu yake, anasikia gitaa la Mkongo likijirudia, anauliza: hiyo imepigwaje? Kesho kutwa Mkongo anasikia waitikiaji wa Kiturkana wanavyoingia kwa kishindo baada ya pengo, naye anauliza. Hakuna warsha iliyoandaliwa wala posho ya nauli iliyotolewa. Wote wawili wanataka kumshinda mwenzake siku ya tamasha, na kila mmoja anajua mwenzake ana kitu ambacho yeye hana.

Katika mji ambao mkimbizi na mwenyeji hukutana zaidi dukani au kwenye foleni, hapo studio ndipo ninapowaona wakisikilizana kwa dhati. Hayo mnayaita kuiga. Nawaomba mtazame kinachotokea baada ya kuiga. Gitaa la Kikongo likipita kwenye mikono ya mtu aliyekulia edonga halitoki lilivyoingia. Linakatika mahali pengine, kwa sababu mwili wa mpigaji unangoja kishindo cha miguu mahali ambapo Mkongo hangojei.

Kama kuondoka na sauti ya mwenzako ni wizi, basi tuanze kwa kuwashtaki Les Wanyika. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakafika Nairobi 1971 na kuijenga Simba Wanyika. Mwaka 1978 kundi la wanamuziki wao likajitoa, akiwemo Omar Shabani mpiga gitaa la ridhim na Tom Malanga wa besi, na pamoja na John Ngereza wakawa Les Wanyika. Waliondoka na mapigo yote waliyoyajenga kwa akina Kinyonga. Wakatoa "Sina Makosa". Kuna Mkenya yeyote anayeusikia wimbo huo leo akasema hao ni waigaji? Na Simba Wanyika haikufa. Ilibidi itafute wapigaji wengine na ikaze kamba, maana sasa kuna watu mjini waliojua siri zake zote. Kina Wanyika wakawa wengi, wakashindana baa kwa baa, na msikilizaji ndiye aliyefaidi. Dar es Salaam mambo yalikuwa hayo hayo kati ya bendi za Msondo na Sikinde, wanamuziki wakinyakuliwa huku na huku. Mwaka 1985 Hugo Kisima wa Orchestra Safari Sound aliwachukua wanamuziki wa Sikinde, Muhiddin Maalim Gurumo akiwa miongoni mwao, na kila bendi ikalazimika kuanza upya kujipambanua. Vijana wa Lodwar hawayakumbuki hayo, lakini wanamkumbuka Alikiba aliyerudi na "Mwana" mwaka 2014 baada ya ukimya, akimkuta Diamond Platnumz ameshavuka mipaka na "Number One". Bodaboda za Lodwar zilibishana kuhusu wawili hao kama zinavyobishana kuhusu siasa. Je, Alikiba angerudi na wimbo wa namna ile kama kiti alichokiacha kingekuwa bado kitupu?

Nijibu sasa lile pingamizi zito. Tupac Shakur aliuawa kwa risasi Septemba 1996, na Notorious B.I.G. Machi 1997. Kila anayepinga ushindani huwataja hao wawili, na ana haki. Turkana si mahali pa kuzungumzia risasi kwa wepesi. Bunduki zimo, na wizi wa mifugo umewaacha wajane wengi. Lakini vifo vile vilitokea katikati ya magenge, silaha na biashara iliyouza uhasama wa watu binafsi kama bidhaa. Vipo vita vingine vya maneno ambavyo havikuzika mtu. Miaka ya 1990 Khadija Kopa akiwa kundi la TOT na Nasma Khamis akiwa kundi la Muungano walirushiana mipasho mikali hadi Dar es Salaam ikajaza kumbi. Walitukanana kwa lugha iliyosukwa, wanawake wakawatuza jukwaani, na taarabu ikapata mashairi na midundo ambayo isingepata kwa salamu za heri. Tofauti ni kitu kinachoshambuliwa. Ukimshambulia mwenzako kwa sauti yake, mashairi yake, majigambo yake, unampa kazi ya kufanya. Ukimshambulia kwa kabila lake au mamake, umeshatoka kwenye muziki. Na kwa hilo sheria ipo, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya machafuko ya uchaguzi tuliyoyaona. Itumike kwa anayechochea ukabila. Isifanywe kisingizio cha kumzima kijana aliyesema kwamba biti ya mwenzake ni ya mwaka juzi.

Nataja kina Kopa kwa sababu nyingine pia. Wanaoumizwa zaidi na jukwaa lisilo na ushindani ni wasichana. Tamasha la umoja likipangwa, msichana huitwa aitikie kibwagizo, avae vizuri, atabasamu. Ushindani humpa nafasi ya kusimama peke yake na kusema kwamba amewazidi wote waliomtangulia, na umati ndio unaoamua.

Wataniambia pia kuhusu Emmanuel Jal, mtoto wa vita wa Sudan Kusini, aliyerekodi "Ceasefire" na Abdel Gadir Salim wa Kaskazini mwaka 2005, na kuhusu dada yake Nyaruach, aliyekuwa akiishi Kakuma walipotoa "Naath" pamoja mwaka 2018. Naziheshimu kazi hizo. Hebu zisikilizeni tena. Katika "Ceasefire" hakuna aliyejipunguza ili kumridhisha mwenzake. Jal anarapu kwa namna yake, Salim anaimba na kupiga udi kwa namna yake, na unawasikia wakivutana. Hakuna anayeweza kuagiza wimbo kama huo kwa barua yenye kichwa cha habari na tarehe ya mwisho. Nyimbo nyingi za amani zinazorekodiwa huku kwa bajeti ya mradi huimbwa siku ya uzinduzi, zikawekwa kwenye ripoti, na hakuna kijana anayeomba atumiwe kwa Bluetooth. Kijana hutumiwa zile zenye ubishi. Anayetaka kujua muziki gani unaishi Kakuma aangalie memori kadi za watu, aache kusoma ripoti.

Ninachoomba kinaweza kufanyika mwaka huu. Lodwar ina Tobong'u Lore, tamasha linaloleta jamii za Ateker kutoka Kenya, Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia. Kakuma ina Siku ya Wakimbizi Duniani kila tarehe 20 Juni. Jukwaa lipo, spika zipo, umati upo. Kila moja litenge jioni moja ya ushindani wa wazi, Lodwar dhidi ya Kakuma, msanii kwa msanii, bila mada waliyopangiwa. Umati uchanganywe usikae kwa makabila, Waturkana wamwamue Mkongo na Wakongo wamwamue Mturkana. Mdundo wa mpinzani uruhusiwe kuchukuliwa na kujibiwa hapo hapo. Atakayetaja kabila la mtu kwa matusi ashushwe jukwaani. Wote wawili walipwe sawa, ili asiwepo wa kushindania chakula. Na aliyeshindwa apewe tarehe ya kurudiana, Kakuma kama mara ya kwanza ilikuwa Lodwar, itangazwe redioni papo hapo, na iwe mbali kiasi cha kumpa miezi kadhaa ya kukaa na nyimbo za aliyemshinda.